Matundu ya Viriba

Mche wa mwanzi uling'oka bila ubishi. Mama aliuvuta kwa vidole viwili tu, ukatoka na mizizi myeusi, laini kama uji, yenye harufu ya mtaro.

Akavuta wa pili. Uvundo ule ule.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuipanda miche hiyo. Mianzi hiyo ndiyo ingeshika ukingo wa mto, uliokuwa umemeguka mpaka nyuma ya chumba cha watoto.

Muuza miche alikuwa amemwonya: "Maji kidogo, dada. Ngoja udongo ukauke juu." Lakini majani yalipogeuka manjano, mama alidhani ni kiu. Akaongeza kopo. Yakazidi manjano, naye akazidisha, asubuhi na jioni. Na kwa uchungu wa kuona maji aliyobeba kichwani yakichuruzika bure, akayaziba matundu ya viriba, vile vifuko vya nailoni vya miche, kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, umeiogesha mpaka imezama!" binti yake mkubwa alitania kutoka mlangoni. Kisha akaiona mizizi, na kicheko kikamfia mdomoni. "Yote?"

Mama alikibinya kiriba cha mwisho. Maji meusi yakamtoka katikati ya vidole.

"Sasa tutapanda nini, mama?"

Nyuma ya nyumba, bonge la udongo likaanguka mtoni, chubwi!

"Wadogo zako," mama aliuliza, "bado wamelala?"