Kiwiko Pembeni mwa Picha

Siku hizi picha alizopiga marehemu hazibaki ukutani mpaka mtu aziangalie moja moja, aeleze kila moja inasema nini. Ukuta wenyewe ndio hakimu: sifa tupu hazikubaliki, na aliyemo pichani haruhusiwi kutoa maoni.

Bi Raya, eda haijamwisha, aliketi mbele ya ukuta wa sebuleni. Mumewe, Shaame, alipenda kupiga picha za ajabu: zimepinda, nusu sufuria, nusu mlango, katikati hamna kitu. Enzi za uhai wake akimwonyesha, Bi Raya hujibu, "Nzuri, mume wangu," macho yakiwa kwenye mchele anaochambua.

Leo aliyainua.

"Katikati ameacha wazi," alianza, "ili jicho liende pembeni. Na pembeni pana kiwiko. Jamani! Si changu hiki?"

"Pole, mama," ukuta ukamjibu kwa upole. "Kumbe umo." Picha ikafifia, ikafutika.

Ikaja ya pili. Mlango umekatwa nusu, na konani umeponyoka upindo wa kisutu chake, kanga aliyoolewa nayo. Bi Raya akameza machozi.

"Pembeni kuna mwanamke," alisema. "Aliyempiga picha alimpenda sana. Mimi simjui."

Picha ikabaki.