Zahanati ya Mtaa Yakaguliwa

Zama hizo kila raia alipewa, mara moja tu maishani, haki ya kuchagua huduma ya serikali itakayokaguliwa mwaka unaofuata, na huduma hiyo ilifungwa mpaka ukaguzi uishe. Zamu ya Mzee Shekivuli ilipofika, hakuchagua barabara wala maji. Alichagua zahanati ya mtaa, alikofanya kazi mkewe Tabia pamoja na Daktari Mbelwa, ambaye jina lake halikuwa likikauka mdomoni mwa Tabia.

"Sasa utapumzika nyumbani," alimwambia mkewe, roho imemtulia.

"Na wagonjwa je, Baba Zubeda?"

"Watawangoja wakaguzi."

 Zahanati ilipofungwa, wagonjwa walimfuata Tabia nyumbani, naye akawakaribisha sebuleni. Adhuhuri akaingia Daktari Mbelwa na mkoba wake.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukusumbua."

"Marahaba," Mzee Shekivuli alijibu kwa shida.

"Wakaguzi wanasema ni mwaka mzima," Tabia alimwambia daktari, na wote wawili wakacheka. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Zubeda, tuletee kitanda chetu huku, wagonjwa wapate pa kulala."

Mzee Shekivuli alikishika kitanda upande mmoja. Upande wa pili alikishika daktari.