Gari la Marehemu

Grenda ya kukatia vyuma ilipoanza kulia uani, Nasra alichungulia dirishani. Shemeji zake wawili walikuwa wameliinamia gari la marehemu mumewe.

Lilikuwa mfano wa gari la zamani la mashindano, yale ya kukimbia usiku kucha mpaka asubuhi. Mumewe aliliiga kutoka kwenye picha, akaliunda kwa bati la mapipa hapo hapo nyumbani, Kibiti. Ubavu wa kushoto ulijaa vibonyeo. Upande ule mumewe alishika bati, na nyundo aliishika Nasra.

"Mwenyewe keshaondoka," alisema shemeji mkubwa. "Tulikatekate, wa vyuma chakavu wako njiani."

Nasra alikuwa ndani ya eda, na mjane wa eda haonekani na wanaume. Vidole vyake vilipapasa pindo la shuka nyeupe, pale alipoufunga ufunguo wa gari.

Cheche zikarukia ubavu wa kushoto.

Akafungua mlango wa uani.

"Shemeji, una eda! Rudi ndani!"

Alipita katikati yao, akaingia kwenye gari ambalo halijawahi kuwaka hata siku moja, akajitanda shuka vizuri, akachomeka ufunguo.

"Nipisheni," alisema.