Mashine Isiyoonekana

Yasinta, fundi mtandao, alikaa, akasimama, akakaa tena. Picha ya eksirei ya mgonjwa ilikuwa njiani kutoka kituo cha afya upande wa Mitundu, na daktari hapa Singida Mjini alikuwa akiingoja. Asubuhi Yasinta alikuwa ameweka mashine pepe, programu tu isiyoshikika, ya kuharakisha mtandao ndani ya seva, kompyuta kuu ya kituo hicho. Kwenye skrini yake, mstari wa kijani wa kuonyesha picha inavyofika ulisogea vizuri.

Muuguzi wa kituo akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huku radi zinapiga. Nimechomoa kila kitu ukutani, imebaki hiyo mashine yako mpya. Nimeitafuta kila chumba. Iko wapi niichomoe?"

Mstari ulikuwa umesimama.

Yasinta akafungua mdomo amwambie airudishe seva kwenye umeme. Radi ikapasuka simuni.

"Upo, mwanangu?"