Kisu Kipya cha Baba

Jameni, hebu sikieni haya! Nilimletea Baba kisu cha kambi kutoka chuoni, kile hakikunjiki, na leo asubuhi akapanda nacho mti wa mgunga kutoa asali.

"Karimi, leo tutajua kama hiki chako kinakata ama ni cha kupiga nacho picha," akasema, akijifunga kiunoni na kamba ya katani.

Mimi nikabaki chini nikishikilia kamba ya kushushia mzinga kwa mikono miwili. Na kwetu, mzinga ukishafunguliwa, hakuna kuongea. Ukipiga kelele, nyuki wanamvamia aliye juu.

Baba akafungua mzinga, kisha kisu kikapita kwa tawi la karibu kama ni ndizi mbivu. Baba akatabasamu peke yake. Halafu akashika kamba, akidhani ni ile kuukuu aliyoacha huko juu mwaka jana, akaanza kuijaribia kisu.

Nikaifuata kwa macho. Ilizunguka shina, ikarudi kiunoni mwake.

Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Akanikonyeza. Nyuzi za katani zikaanza kukatika moja moja.

"Baba!" nikapiga nduru.

Akaweka kidole kwa mdomo ninyamaze, nisichokoze nyuki, akaendelea kukata kamba ile ile iliyomshikilia.