Usukani wa Kushoto

"Rudi! Rudi, Desmond, lori!"

Desmond akakata usukani, akajibanza tena nyuma ya trela la kondoo. Lori la magogo likapita upande wa Glenda likivuma, kioo kikatetemeka. Glenda alishika kifua. Mumewe alicheka tu, kama mtu aliyetupa karata mbaya.

"Sasa je?"

"Subiri… kuna gari jeupe… limepita. Haya, nenda!"

Gari likanguruma, likalipita trela. Ndivyo walivyosafiri kila Jumapili, matembezi ya raha tu, Desmond akishika usukani na Glenda akimtazamia barabara. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, refu, lililoletwa kwa meli kutoka Marekani, na usukani wake ulikuwa kushoto katika nchi ambayo kila dereva hukaa kulia. Anayekaa kushoto nyuma ya trela haoni ila makalio ya kondoo. Anayeona ni abiria.

Na si barabara tu. Mashine ya tiketi ya maegesho iko kulia, kwa hiyo Glenda ndiye wa kunyoosha mkono. Dirisha la kununulia chipsi bila kushuka garini liko kulia, kwa hiyo Glenda ndiye wa kusoma bei, kuagiza, kulipa, na kumwagikiwa kahawa mapajani. Siku askari alipowasimamisha kupima pombe, alimtia Glenda kifaa mdomoni kabla ya kutazama usukani uko wapi. Desmond alicheka hadi akatokwa machozi. Glenda hakucheka. Miaka minne ya kuwa utingo wa mume wako mwenyewe si mchezo.

Kilichomuuma zaidi ni Jumapili zake. Alikuwa na timu yake ya wanawake, ya kuviringisha mipira kwenye nyasi, nayo ilicheza Jumapili. Mwanzoni walimsamehe. Kisha wakamweka benchi. Sasa kiongozi wao alikuwa amemwambia bila kuuma maneno kwamba msimu ujao, baada ya baridi, akikosa tena, nafasi yake atapewa mwingine. Glenda aliitaka nafasi hiyo kufa kupona. Ndicho kitu pekee kilichobaki kuwa chake.

"Jumapili ijayo nenda peke yako," alimwambia Desmond jioni ile, wakila.

"Peke yangu? Nitayapitaje malori? Unataka kuwa mjane?"

"Basi uhamishe huo usukani. Wenzako wanahamisha. Fundi Spiro wa Ballarat ndiyo kazi yake."

Desmond akaweka uma chini. "Nikatwe mguu kwanza. Gari limezaliwa hivyo, liache hivyo."

"Na mimi nilizaliwa nani? Kioo chako cha pembeni?"

"Wewe ndiye raha ya safari, bibie."

Glenda alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kipenda roho hula nyama mbichi, sawa, lakini nyama hiyo usimlishe na mwenzio kwa lazima. Usiku huo alikata shauri.

Alidai breki zinalia, akalipeleka gari mwenyewe kwa Spiro, roho mkononi njia nzima. Urithi aliopata kwa shangazi yake ukaishia hapo. Desmond alipouliza mbona gari halirudi, jibu lilikuwa moja: spea bado ziko baharini. Hakuna mwenye gari la Kimarekani nchini humo asiyeliamini jibu hilo.

Baridi yote Desmond alikaa nyumbani. Kigari cha Glenda hakukigusa. "Hicho kibati?" alisema. "Endesha wewe, mimi nitaonekanaje?" Glenda akampeleka dukani, kwa kinyozi, kwa rafiki zake, huku hasira zikimpanda na akijiambia avumilie, mwisho umekaribia.

Spiro alipopiga simu, walikwenda Ballarat kwa treni. Fundi aliwapokea akijifuta mikono, meno yote nje.

"Karibu, mzee! Mama alisema iwe siri. Usukani tumeuhamisha, na mkaguzi ameshapitisha. Ingia kulia sasa, kama binadamu wengine!"

Glenda alisimama imara akingoja radi. Alikuwa na majibu yote tayari, ameyapanga tangu baridi ilipoanza. Lakini Desmond hakufoka. Alilizunguka gari polepole, kiganja chake kikiambaa na bodi, mpaka akaufikia mlango wa kulia. Aliingia, akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Kazi nzuri," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Basi! Hata ugomvi hakupewa. Hilo lilimchoma Glenda kuliko matusi. Alizunguka, akaingia kushoto, akautupa mkoba miguuni na kufunga mkanda.

"Nisikilize, Desmond. Jumapili nacheza, wewe utakwenda peke yako. Barabara nzima sasa iko mbele ya pua yako. Usiniulize tena kitu, si lori, si gari jeupe."

Akaegemea kiti, akafumba macho. Ni mara ya kwanza katika miaka minne kufumba macho ndani ya gari hilo, na raha aliyoisikia haina mfano.

Spiro alifungua geti. Injini ikanguruma. Gari halikuondoka.

"Nenda basi!" Glenda alisema, macho bado amefumba. "Unangoja nini?"

Mkono wa Desmond ukapapasa kiti, ukalifikia goti la mkewe, ukatulia hapo.

"Mke wangu," alisema taratibu, "sasa nikikaa huku na macho yangu haya yaliyofifia, nitakuuliza kilichoko mbele kwa kisingizio gani?"