Kumi za Kaltuma

"Vuta pumzi! Kaza tumbo! Inuka!"

Shuka ikatikisika, magoti yakalia ko, ko, kisha mwali akaanguka tena mkekani akihema.

"Mara mbili tu?" Mbeyu akafyonza. Msichana wa miaka kumi na saba, jamani!

Ilikuwa siku ya nne. Mwaka ule wa 1955, kiongozi wa chama cha akina mama alimtoa Mbeyu Tarasaa aje Garsen kuwafundisha wali, wasichana waliowekwa ndani kungoja harusi, mazoezi ya tumbo na pumzi. Walifungiwa ndani mwezi mzima wakinyweshwa maziwa na samli, wakija kuzaa hawana nguvu. Kiongozi alimwambia waziwazi: mwali huyu, Kaltuma, asipoinuka mara kumi Ijumaa, darasa linafungwa, na Mbeyu arudi kwao kupalilia mpunga.

Na kwa desturi ya nyumba ile, mwali haonyeshi uso kwa mgeni wala hapandishi sauti mpaka siku ya harusi. Basi Mbeyu alikuwa akifundisha shuka. Shuka yenyewe ilinuka tumbaku, ikikohoa na kunong'ona kwamba kiuno kinauma. Alitamani kulia kwa hasira.

"Mama Kaltuma, mwanao mvivu!" alilalamika alipotoka.

"Mimi hata ndani siingii, mwalimu. Anakaa na nyanya yake, Barwako. Uliza yeye."

"Sijamwona hata siku moja."

"Wewe ukija, yeye natoka kwa nyuma. Anasema hataki kuona mtu nahema kama ng'ombe nazaa." Mama akashusha sauti. "Lakini mtoto mwanzo alilia sana. Huyo mchumba wake, Mzee Wario, hamtaki kabisa. Sasa amenyamaza, alhamdulillahi."

Ijumaa ikafika. Mlangoni walisimama kiongozi wa chama, mama mtu, na Mzee Wario mwenyewe, kanzu mpya, amekuja kumchukua mkewe. Mbeyu akapiga magoti kando ya mkeka.

"Mwanangu, usiniaibishe. Moja!"

Shuka ikainuka. Mbili. Tatu. Kwenye saba ilikwama, ikavuta pumzi ndefu vile alivyofundishwa, ikainuka tena. Tisa. Mbeyu alikuwa akipiga kelele sasa.

"Kumi!"

Shuka ikateleza.

"Kumi, mwalimu," akasema Bibi Barwako, jasho likimtiririka hadi kwenye meno yake mawili yaliyobaki. "Mjukuu wangu yuko Lamu tangu wiki jana. Haya, niinueni, kiuno kimekufa."